Wali Usio na Chumvi

Jumapili, kwenye ukumbi wa kanisa la Wajamaika hapa Peckham, mwanafunzi wa famasia alikuwa akitufundisha kuhusu presha. Bibi mmoja akamletea wali na maharage aliopika bila chumvi, kama tulivyofundishwa wiki iliyopita. Kijana akatafuna taratibu, macho darini.

“Vipi, mwanangu?”

“Mtamu sana, bibi.”

Basi akaongezewa, akala wote.

Baadaye nikamkuta kwenye duka la chipsi, anamwaga chumvi kama anayetengeneza ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Alipogeuka, bibi yule yule yuko nyuma yake kwenye foleni.

Bibi akaweka kidole mdomoni. “Mimi sijakuona, na wewe hujaniona.”

Nami, niliyekuwa nyuma ya bibi, nikajifanya nasoma bei. Kule darasani nilikuwa nimekaa mstari wa mbele.