Waifai ya Mama Peke Yake

Dadangu alituma pesa ya ruta ya waifai pamoja na ujumbe wa sauti. Siku hiyo nilikuwa kazini Kawangware, kwa kinyozi, mahali ninapoosha vichwa vya wateja na kufagia nywele, kwa hivyo niliibana simu sikioni wasisikie mambo ya nyumbani kwetu. Alisema, "Nunua ile nzuri, usibahatishe. Na usipatie mtu paswadi. Umenisikia, wewe? Najua roho yako. Hiyo ni ya mathe peke yake, anione."

Yuko Uarabuni, anafanya kazi za nyumba. Tangu aondoke, mama alikuwa hajauona uso wake hata mara moja. Sauti alikuwa anaisikia, lakini zile bando zetu ndogondogo za intaneti zilikuwa zinaisha kabla picha haijatulia. Na dada simu anaishika Ijumaa mchana tu, mabosi wake wakitoka kwenda kwa jamaa. Wakirudi, inawekwa kando. Mama akawa na wasiwasi wa kimya kimya. Alikuwa ananiuliza, "Sauti si mtu anaweza kuirekebisha? Mimi nataka nione macho."

Basi nilinunua ruta kwenye duka moja mtaa wa Satellite. Jamaa wa duka akaniwekea laini, akanionyesha kibandiko cha paswadi huko chini, halafu akaniambia, "Ukifika nyumbani, weka karibu na dirisha." Nikaitikia kwa kichwa kama mtu mwenye madirisha. Nyumba yetu Kibera ni chumba kimoja, mabati kuta zote na mabati juu, pazia katikati, na mlango. Dirisha hakuna. Lakini sikutaka ajue.

Njiani nilibeba lile boksi ndani ya jaketi, na mimi ndoto zangu huwa hazingoji nifike. Nilijiona najifunza kunyoa kwa video, nakuwa na kiti changu, wateja wanapiga foleni, mama ameketi kando anahesabiwa kama mwenye duka. Shule niliiacha kidato cha kwanza, lakini kichwani nimefungua biashara nyingi sana.

Kufunga ruta yenyewe kulitutoa jasho. Tulipoichomeka karibu na tivii, ikawasha taa nyekundu. Juu ya kabati la vyombo, nyekundu. Mama akaipakata kama mtoto, mimi nikivuta waya wa ekstensheni nyuma yake, tukawa tunazunguka chumba polepole, yeye anaulizauliza, "Hapa? Na hapa?" Mabati yalikuwa yanaufungia mtandao nje. Mwishowe nilipanda stuli, nikaishikilia juu ya mlango, na taa ikawa kijani. Mama akapiga makofi. Halafu upepo ukafunga mlango, na taa ikarudi nyekundu.

Hivyo ndivyo tulivyojua. Inashika juu ya mlango, na mlango lazima uwe wazi.

Nikagonga misumari, nikaitengenezea kishubaka cha ubao. Kufikia jioni ploti nzima, wapangaji wote, ilikuwa imeiona, maana taa ya kijani inayopepesa juu ya mlango ulio wazi haihitaji tangazo.

Wa kwanza kuja alikuwa msichana wa jirani, binti ya mama anayekaanga samaki wadogo wa omena pale mlango wa kwanza. Alikuwa na simu ya mamake na kitabu kwapani. Mwalimu alikuwa amewatumia kazi kwa simu. Sasa, huyu mama wa omena ndiye hutugawia maji mifereji ikikauka, mtungi mzima, na hajawahi kutuambia tunamsumbua. Dada aliposafiri, yeye ndiye aliyemfungia omena za kubeba. Ningemwambia nini mtoto wake? Kwetu mtu akija na kikombe kuomba chumvi, huulizi anapika nini. Nikamsomea paswadi.

Paswadi ni kama chumvi kwa jambo moja tu, kwamba ukimpa mmoja umewapa wote. Lakini chumvi ukigawa unaiona inapungua. Mimi nilidhani hii haipungui. Kweli, nilidhani hivyo. Vijana wa karakana ya kuchomelea vyuma, wanaokaa nyumba ya nyuma, wakaipata kwa msichana. Wapangaji wengine wakaipata kwao. Mimi nilikuwa najisikia vizuri sana. Nikipita, watu wananisalimia kwa sauti ya juu kuliko zamani.

Ijumaa ya kwanza dada akapiga. Mama alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani. Picha ikaja paji la uso, ikaganda. Ikaja mdomo umefunguka, ikaganda. Sauti ilikuwa inakatika kama redio mbovu. Mama alikuwa anasogeza simu karibu na uso wake, halafu mbali, halafu anaiinua kuelekea kwenye ruta. Saa ikawa inaisha hivyo hivyo.

Kabla simu haijawekwa kando, dada akatuma sauti, "Kwani hukuiweka vizuri?" Kule nyuma ya ploti nilikuwa nawasikia vijana wanashangilia mpira, na nilikuwa naelewa ni nini kimekula intaneti yote. Nikamjibu, "Huku iko sawa kabisa. Labda ni simu yako imezeeka."

Wiki iliyofuata nilikosa usingizi kidogo. Kubadilisha paswadi nilikuwa najua, dakika mbili tu, lakini ningemtazamaje mama wa omena? Ijumaa ilipofika, nikaomba ruhusa kazini nikarudi mapema, nikaanza kuzunguka mlango kwa mlango. Kuomba watu wakupe kitu ni aibu, lakini kuwaomba waache ulichowapa kwa mkono wako ni aibu nyingine kabisa, haina hata pa kushikia.

Nilianza kwa mama wa omena. "Mama, samahani. Naomba mzime waifai kidogo tu. Dada anataka kupiga."

"Mbona unaongea ukiangalia chini? Kwani umeniibia sufuria?" Akacheka, akamwita bintiye azime.

Kwa vijana wa karakana ilikuwa vingine. Walikuwa wamejazana kitandani, simu imeegemezwa kwenye birika.

"Eeeh! Meneja wa kampuni amekuja kutukata!"

"Kwanza uko na kitambulisho cha kazi, boss?"

"Ngoja hii mechi ifike hafutaimu, buda. Dada si anaweza kungoja?"

Nikasema, "Hawezi. Simu anapewa saa hii tu, halafu basi."

Mmoja wao, yule mkubwa, akachukua simu kutoka kwenye birika akaizima yote, si waifai peke yake. "Mngesema tangu juzi," akasema. "Nenda, nenda, atapiga hauko."

Na kweli, nilikuta simu inalia. Mama akabonyeza, na dadangu akaja. Akaja mzima, uso wote, macho yote mawili yanapepesa. Picha ilikuwa safi mpaka ungeona ukuta wa jikoni nyuma yake una vigae vyeupe. Mama aligusa kioo kwa kidole, karibu akate simu. Halafu akasema, "Umekonda."

"Sijakonda, mathe. Ni simu mpya, inaonyesha vizuri."

"Geuka." Dada akageuka. "Sasa nyoosha mikono." Akanyoosha. Mama alikuwa anamkagua kama alivyokuwa anatukagua utotoni tukitoka kuoga, na dada anacheka na kujipangusa macho kwa wakati mmoja.

Kwa vile mlango ulikuwa wazi, majirani walianza kukusanyika. Hawakuingia. Walisimama tu pale kwenye kizingiti, wakinyoosha shingo. Mama, kwa furaha yake, akaigeuza simu kuwaelekea. "Msalimie mama wa omena!"

"Mwanangu!" mama wa omena akapaza sauti. "Mungu akubariki! Asante sana kwa waifai yako. Huyu wangu sasa anafanya kazi ya shule bila shida, hata amepanda namba."

"Na sisi huku nyuma pia, sister!" kijana wa karakana akaitikia. "Mpira tunaona kama tuko uwanjani!"

Walikuwa wanashukuru kwa moyo wote. Dada alitabasamu kwao, akawashukuru kwa kumwangalia mama. Halafu akasema, "Mathe, nipe huyo kijana wako."

Nikaishika simu. Sikuwa na pa kwenda, chumba ni kimoja.

"Nilisema ni ya mathe tu. Umewapa wangapi?" akaniuliza.

Hakuwa anaongea nami kwa hasira, na hilo ndilo lilinimaliza. "Uliniambia ni simu yangu imezeeka," akasema. "Nilienda nikanunua hii. Ya kukopa. Nilidhani ni mimi nafanya mama asinione."

Alinitazama kidogo, akasema, "Rudisha kwa mathe, muda unaisha." Nikarudisha. Waliongea mpaka mlango ukasikika huko kwake na picha ikakatika.

Majirani wote pale mlangoni walikuwa wamesikia, mabati hayafichi. Mama wa omena akajipangusa mikono kwenye leso ingawa mikono yenyewe haikuwa na kitu.

"Sisi hatukujua ni ya kukatazwa," akasema polepole. "Tuwashe, ama tungoje?"

Nilimtazama mama. Alikuwa bado anaangalia kile kioo cheusi, na hakuinua kichwa. "Mwulizeni mwenye ruta," akasema.

Jioni hiyo nilimrekodia dada sauti. Nilianza upya mara nyingi, kwa sababu kila nikifika kwenye neno samahani nilikuwa naongeza kisababu, na nikiisikia naona ni uongo mwingine. Mwishowe nilisema tu kwamba simu yake ya zamani haikuwa na kosa, na kwamba majirani wanauliza. Nilijua hataisikia mpaka Ijumaa.

Wiki hiyo yote nilikuwa nikirudi kutoka Kawangware naikuta taa ya kijani inapepesa juu ya mlango, na hakuna mtu aliyewasha waifai kwenye simu yake. Hakuna aliyeninunia pia. Wananisalimia kama kawaida, vijana wananiita meneja. Siku moja nilimkuta yule msichana amechuchumaa nje ya mlango wao na kitabu magotini, ananakili maswali kutoka kwa daftari la mwenzake. Nikamwambia, "Washa tu bana, fanya kazi yako."

Akaniangalia kwa adabu. "Mama amesema tungoje jibu la dada," akasema, akaendelea kuandika.