Saruji Ililala Pakavu

Katika nyumba aliyopanga Zerida mjini Kasese, aliyelala vizuri kuliko wote ilikuwa saruji. Ilipewa chumba cha ndani, chenye bati zuri. Ilipangwa juu ya mbao isiguse sakafu, ikasogezwa mbali kidogo na ukuta, ikafunikwa turubai. Asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Zerida aliichungulia kama mtu anayemchungulia mtoto mchanga kuona kama amekojoa. Yeye na mama yake, bibi Nuwasiima, walilala chumba cha mbele, ambacho mvua ikinyesha beseni moja halikutosha. Mwenye nyumba hakutaka kutengeneza paa, na Zerida hakumsumbua, maana angetengeneza kisha apandishe kodi.

Msidhani alikuwa na roho mbaya. Saruji yenyewe ilikuwa ya kumjengea huyo huyo mama yake. Zerida alikuwa na kiwanja kule Muhokya, msingi umeshachimbwa na nyasi zimeota humo mpaka mbuzi wa watu wakapafanya malisho. Kila alipopata faida kwenye biashara yake ya vitenge alinunua mfuko mmoja, miwili, bodaboda akaileta, ikaingia chumba cha ndani. Benki hakuiamini kwa sababu ya makato, simu hakuiamini kwa sababu ya matapeli, na noti zikiwa ndani ya nyumba alijua zitaliwa. Mfuko wa saruji nani ataula?

Hofu hiyo alizaliwa nayo, tuseme. Baba yake alitoka Ankole kuja kuchimba shaba Kilembe, na alikuwa mtu wa siku ya mshahara. Siku hiyo nyama ilipikwa, viatu vipya vilinunuliwa, majirani waliitwa, na baba aliimba mpaka sauti ikamkauka. Mgodi ulipofungwa na watu wakaambiwa watoke kwenye nyumba za kampuni, familia ilitoka na masufuria, godoro moja na viatu vizuri sana. Walilala kwenye baraza la kanisa. Zerida alikuwa msichana mdogo, lakini baridi ya ile sakafu hakuisahau, na pale pale alijiapiza kwamba mama yake hatalala tena pabaya. Sasa angalieni alivyolitimiza hilo.

Siku za soko alikuwa Bwera, pale Mpondwe mpakani, ambako alinunua vitenge kwa rafiki yake Chérie, Mkongomani aliyevuka kila Jumanne na Ijumaa na mzigo wake. Chérie alikuwa kinyume chake kabisa. Akiuza vizuri alikula samaki mzima, akanywa soda baridi, akajinunulia hereni, na kesho yake alifungua biashara kama kawaida. Zerida alikuja na viazi vyake vya kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki. Alimwita Chérie mwenda wazimu, Chérie naye akamwita mkono wa birika, na wote wawili walicheka, kwa kuwa walipendana.

Mawingu yakitanda upande wa mlimani, Zerida aliacha wateja akapiga simu nyumbani.

“Mama, mvua imefika huko? Simenti iko salama?”

“Iko salama, mwanangu.”

“Turubai haijafunuka?”

“Haijafunuka.”

Kisha alikata, kulinda salio. Chérie aliyasikia hayo mara nyingi, na siku moja uvumilivu ulimwisha.

“Zerida, weye unapigaka simu kwa mama ao kwa simenti?”

“Kwa mama, bila shaka.”

“Bon. Na mama, ye iko salama?”

Zerida alijichekesha, lakini neno lilimkaa. Jioni hiyo, kabla hajapanda gari la Kasese, Chérie alimtupia blanketi mapajani, zito, jekundu, lenye maua makubwa.

“Ya mama muzee. Aache kusikia baridi.”

“Hiyo pesa ungenipa mimi, ingekuwa karibu mfuko mzima.”

“Njo maana sikukupatia.”

Bibi Nuwasiima alilipokea blanketi kwa mikono miwili. Alilifunua, akalikunja, akalifunua tena, akajifunika nalo mchana kweupe, jua la Kasese likiwaka. Zerida alimtazama mama yake akitabasamu na akaona haya, kwa kuwa zawadi hiyo haikuwa yake. Haya hiyo aliizimisha upesi kwa kupiga hesabu ya mabati.

Mvua za msimu zilipoanza kwa nguvu, blanketi halikuonekana tena. Zerida alirudi kutoka Bwera akamkuta mama yake amejikunyata chini ya shuka mbili nyembamba, anakohoa.

“Mama, blanketi ya Chérie iko wapi?”

“Iko tu.”

“Umewapa nani? Wale wa kanisani?”

“Iko, mwanangu. Inafanya kazi.”

Zerida akawaka. Alikuwa amechoka, ameloa, na siku ile soko lilikuwa baya. “Nyinyi ndivyo mlivyo,” alisema. “Wewe na baba hamkujua kutunza kitu hata kimoja. Ndiyo maana tulilala kwenye baraza kama mbwa.”

Bibi Nuwasiima aligeukia ukutani, akakohoa polepole ili asisumbue. Zerida alitamani ayarudishe yale maneno, lakini kuomba radhi nako hakukuwa desturi ya nyumba ile, akaenda kumwaga maji ya beseni.

Haikupita wiki, kifua cha bibi kikabana kabisa. Zerida akampeleka hospitali, mwanamke mzima akibebwa mgongoni kama gunia la pamba, naye akashangaa wepesi wake. Muuguzi alisema ni homa ya mapafu, akauliza nyumbani wanalala wapi, kama chumba ni kikavu.

“Chumba kikavu kipo,” Zerida alisema.

Wala hakudanganya. Alipoyasikia maneno yake mwenyewe alihisi uso unamuwaka, akajifanya anatafuta kitambaa kwenye mkoba. Kwa siku zilizofuata aliketi kando ya kitanda akimtazama mama yake anavyohangaika kuvuta pumzi, na nafsi yake ikamsuta bila kupumzika. Alikuwa na mali ya kujaza chumba, na mama yake alikuwa mgonjwa wa baridi. Hakukuwa na namna ya kulisema hilo likapendeza.

Ndipo alipokata shauri. Angeiuza saruji yote. Alipe dawa, alipe fundi atengeneze paa hata kama nyumba si yake, anunue godoro zuri, na Muhokya ingoje. Alimwita Drani, mwashi mzee kutoka Arua aliyewahi kuwa mwanajeshi na bado aliongea kama yuko kwenye gwaride.

“Fungua mlango,” Drani aliamuru. “Simama pembeni, mama. Nione mali.”

Zerida alivuta turubai. Pale nyuma, ambako turubai haikufika na mtu wa mlangoni hapaoni, juu ya mifuko iliyo karibu na ukuta, palikuwa na kitu chekundu chenye maua makubwa. Blanketi lilikuwa limetandikwa vizuri, kingo zimechomekwa kila upande, kama mtu anavyomfunika mtoto. Lilikuwa limelowa chapachapa. Juu yake, kwenye bati lile zuri, msumari ulikuwa umechomoka na tundu lilipitisha mwanga.

Zerida akashika ukuta. Akilini alimwona mama yake, mvua inapiga, simu imekatwa sasa hivi, anajikongoja kwa kushika kitanda, kisha mlango, kisha mbao, na blanketi lake kwapani.

Drani hakuona hayo. Aligonga mfuko mmoja kwa mpini wa nyundo, akagonga wa pili, akasogea mpaka ile ya mbele iliyokuwa mikavu kabisa. Yote ilitoa sauti moja.

“Ulinunua lini hii?”

“Mingine mwaka juzi. Mingine kabla ya hapo.”

“Mama, simenti si maharage. Unanunua, unapiga kazi, unamaliza. Hii imekufa. Hii mawe.”

“Ni maji ya blanketi?”

“Blanketi haina makosa. Hata bila maji, ingekufa tu. Muda imeua.”

Zerida aliyalipia matibabu kwa mtaji wake wa vitenge, na mzigo uliofuata Chérie alimpa kwa mkopo bila kumuuliza chochote, jambo lililomuumiza kuliko kuulizwa. Drani na vijana wake walitoa mawe yale nje, wakayapanga kando ya njia, nayo yalikuwa na umbo la mifuko hasa, mpaka mikunjo ya karatasi. Drani aliziba tundu la bati. Zerida alifagia, akaweka kitanda na godoro jipya mahali palipokuwa na mbao, akafua blanketi mara tatu, akalianika mpaka likarudi kunukia jua.

Bibi Nuwasiima alirudi akiwa amekonda, akitembea kwa kumshika bintiye mkono. Walipofika ndani alielekea kitanda chake cha zamani, na Zerida akamgeuza taratibu kuelekea chumba cha ndani. Bibi alisita mlangoni.

“Hapa ni pa simenti.”

“Ni pako, mama. Ingia.”

Alimketisha, akamvua viatu, akamfunika. Alikuwa ameyaandaa maneno tangu hospitali, yote, kuhusu baraza la kanisa, kuhusu simu, kuhusu ile jioni. Badala yake akachomeka kingo za blanketi. Bibi Nuwasiima alikuwa anatazama huku na huku chumbani, halafu kupitia dirisha, akayaona yale mawe yaliyopangwa kando ya njia.

“Iliharibika?”

“Iliharibika, mama.”

Mkono wa mama ukaanza kusugua maua ya blanketi, na machozi yakamlengalenga.

“Nisamehe, mwanangu,” alisema. “Nilifunika. Lakini mifuko ilikuwa mingi, na blanketi ilikuwa moja.”