Kilicho Nyuma ya Alama ya Kuuliza

Kwa miaka ishirini na tisa sauti yake ilijulikana kuliko sura yake. Alikuwa opareta wa simu wa hospitali kubwa, kwenye chumba cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha, kati ya stoo ya shuka na ngazi. Ukipiga hospitali, ni yeye aliyepokea: "Hospitali hapa, nikuunganishe na nani?" Walimwita Dada Laini kwa ajili ya laini za simu, maana kwa tabia hakuwa laini hata chembe. Ukimletea maneno marefu alikukata, uwe mfagizi au mganga mkuu. Lakini madaktari haohao waliomwogopa kwenye simu walipishana naye kwenye korido bila hata kumsalimu, kwa kuwa hawakujua ndiye.

Kisha ikaletwa simu mpya inayojiongoza yenyewe, bonyeza moja, bonyeza mbili, na ubao wake wa nyaya ukang'olewa asubuhi moja. Alikuwa amebakiza miaka mitatu kustaafu. Ofisi ya utumishi haikujua imweke wapi, ikamwacha palepale, ikampa kompyuta na orodha ya wauguzi mia nne na kumi na wawili waliowahi kufanya kazi hospitalini. Atafute walipo, nani yu hai na nani amefariki, daftari la hospitali likamilike. Simu zote za jengo sasa zilimpita. Kuna siku alifika saa kumi jioni akagundua hajafungua kinywa tangu asubuhi.

Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Hakuolewa, mama yake alishatangulia mbele ya haki, na chumba chake cha ghorofa ya tatu kilikuwa na kiti kimoja cha kukalia na kimoja cha kuwekea nguo. Aliwasha redio kabla ya taa.

Ile kazi aliianza kwa kuandika jina moja moja kwenye mtambo wa kutafuta mtandaoni, kufuta, kuandika lingine. Siku ya nne fundi wa kompyuta wa hospitali, mwanamke wa miaka arobaini hivi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipita kubadilisha waya akasimama nyuma yake.

"Dada, majina mia nne yote utayaandika hivyo?"

"Niyaandikeje? Kwa miguu?"

Fundi alicheka, akavuta kiti. "Angalia huku juu, kwenye anwani. Watu hawapaangaliagi." Akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa mwanzo ni jina la mtambo wenyewe. Halafu kuna alama ya kuuliza. Kilicho nyuma ya hiyo alama ni maagizo yako. Hii q na alama ya sawasawa, hapo linakaa neno unalotafuta. Ukibadilisha neno hapahapa ukabonyeza, umeshatafuta."

"Na hiki kidude kilichojipinda?"

"Hiyo ni 'na'. Inaunganisha agizo moja na lingine. Hl ni lugha. Gl ni nchi, unauambia mtambo ujibu kama vile uko kule. Start ni pa kuanzia: ukiweka kumi, unaruka majibu kumi ya kwanza. Mitambo mingine ina herufi zake, lakini mtindo ndio huo. Mengine haya marefu ni takataka tu, yakate, hayatakuliza."

Dada Laini alipitisha kidole kwenye ule mstari. "Kwa hiyo ni namba kuu halafu ekstensheni ya ofisi."

"Umeshaelewa. Na wengine wanalipia kozi."

Kabla ya wiki kwisha alikuwa na jedwali: safu ya kwanza majina, safu ya pili anwani iliyokwisha kutengenezwa, jina likiwa limepachikwa mahali pake, pale penye nafasi kati ya majina akatia alama ya kujumlisha. Alibonyeza moja baada ya nyingine. Muuguzi wa wodi ya watoto alikuwa sasa diwani. Wawili walipatikana kwenye matangazo ya vifo. Aliandika, akaenda mbele. Fundi alipopita na kumwambia amekuwa hodari kuliko vijana wa ofisi ya juu, alijibu, "Wao wana watu wa kuongea nao," akaendelea kubonyeza.

Jina la mia nne na kumi na tatu alilitia yeye mwenyewe. Lilikuwa la mdogo wake.

Mdogo wake aliondoka akiwa na miaka ishirini na mitatu kwenda nchi ya mbali kushona nguo, akasema ni mwaka mmoja. Ikawa sita. Mama akaugua, akalala kitandani miaka minne, na aliyemgeuza na kumwosha ni Dada Laini, akitoka zamu anaingia zamu. Mama alipokufa alipeleka habari. Mdogo hakuja mazishini. Siku ya tisa simu iliita hospitalini, laini ya nje, sauti ya mbali yenye mwangwi: "Naomba kuongea na dada yangu. Ndiye opareta hapo."

Dada Laini alikuwa ameshika waya mkononi. Akasema, kwa sauti yake ya kazi, "Hayupo. Aliacha kazi."

Sauti ile ikasema, "Basi mwambieni nilipiga."

Akachomoa. Miezi miwili baadaye akahama chumba asiache anwani. Hasira zake zilipopoa hakuwa tena na namba wala barua ya kuanzia, na ilikuwa imeshapita miaka ishirini na miwili.

Sasa kulikuwa na tatizo la jina. Mdogo wake alichangia jina na mwimbaji, na kila alipobonyeza alimwagiwa picha za mwanamke mwenye mawigi. Aliweka jina ndani ya alama za kunukuu, akabaki mwimbaji peke yake, akaziondoa. Akatia alama ya kutoa mbele ya neno muziki, mbele ya wimbo, mbele ya albamu. Mwimbaji akapungua lakini hakuisha. Akaweka gl ya nchi ile, akatafuta watu wa kule wanamwitaje fundi cherehani, akaliongeza neno hilo geni ambalo hakujua hata linavyotamkwa. Kisha akaanza kupandisha start: kumi, ishirini, thelathini. Alifanya hivyo saa ya chakula cha mchana, siku kumi na moja, mlango umefungwa. Fundi aligonga mara moja, akafunguliwa, akaona kinachotafutwa, akaondoka bila kuuliza.

Kwenye mia na arobaini kulikuwa na ukurasa wa jumba dogo la maigizo, na chini kabisa orodha ya watu wanaoshona mavazi ya waigizaji. Jina la mdogo wake lilikuwa la nne, na katikati yake, mahali ambapo zamani hapakuwa na kitu, alikuwa ameingiza jina la mama yao.

Alinunua salio la kutosha, akapiga namba ya jumba hilo kwa simu yake mwenyewe, nyumbani. Akapokea mwanaume, hawakuelewana, akalitaja lile jina mara tatu. Akasikia nyayo, mashine ya kushonea ikisimama, kisha pumzi.

"Ni mimi," alisema Dada Laini.

Upande wa pili kiti kilivutwa.

"Ongea polepole," mdogo wake alisema. "Sijaongea lugha yetu siku nyingi. Maneno yananikimbia."

"Nilikudanganya. Ile siku. Nilikuwepo."

"Najua, dada. Sauti yako nani asiyeijua?"

Dada Laini akakaa kwenye kiti cha nguo, juu ya nguo. "Mbona hukuja kumzika mama?"

"Tajiri niliyekuwa nafanya kwake alikuwa na pasi zetu zote za kusafiria. Wasichana kumi na wanane. Alizifungia kabatini. Hata simu, niliruhusiwa kupiga siku ya tisa." Alitafuta neno, akalikosa, akalipata. "Nilitaka kukueleza. Uliposema aliacha kazi, nikajua hutaki. Nikasema basi."

Ulimi hauna mfupa, lakini kuna siku unakuwa mzito kama jiwe la kusagia. Miaka yote ile Dada Laini alikuwa amemhukumu mtu bila kumwuliza swali hata moja. Alisema, "Nisamehe," na mdogo wake akasema amesamehe zamani, akalitamka neno hilo vibaya, likamwuma zaidi.

Wakawa wanapigiana Jumapili. Mwanzoni saa nzima, mama, nyumba ya zamani, nani kafa. Mdogo ana watoto wawili wakubwa, wanajua kusema shikamoo tu. Kisha habari zilipungua. Dada Laini alieleza kuhusu goti lake, mdogo akaeleza kuhusu mvua, wakanyamaza, mmoja akasema haya basi. Si ugomvi. Miaka ishirini na miwili haijazwi kwa salio la simu, na wote wawili walilijua hilo, hakuna aliyelisema.

Mdogo aliahidi kuja mwezi wa nane. Dada Laini akanunua godoro la pili na kiti, akamwomba jirani wa ghorofa yake amsaidie kuvipandisha, mara ya kwanza kuongea naye zaidi ya salamu. Mwezi wa saba ikaja habari kwamba jumba la maigizo lina kazi nyingi.

"Mgeni wako anafika lini?" fundi aliuliza Jumatatu, akichungulia mlangoni.

"Amesema mwakani."

"Mwakani si mbali."

"Si mbali," alisema Dada Laini. Akavuta kibodi, akakata takataka kwenye mkia wa anwani, akapachika jina la muuguzi wa mia tatu na sita, akabonyeza.