Mbwa wa Wangwe

Walipoishi mlimani, mbwa jike wa Wangwe hakupandwa ovyo. Ukimletea dume, kwanza Wangwe alimfunua kinywa, akamkimbiza mpaka kileleni akisikiliza pumzi, kisha akakuuliza kama mama yake aliwahi kuanguka kifafa. Mwenye dosari alirudi kwao, hata angekuwa wa shemeji.

Operesheni Vijiji ya serikali ikawateremsha bondeni, nyumba zikabanana kwa mstari. Jike akapandwa na dume wa jirani aitwaye Kornelio, mbwa ambaye kijiji kizima kilishamwona akianguka na kutoka povu.

Watoto wa mbwa walipoanza kukakamaa kwa kifafa, Wangwe aliwatazama, akaendelea kuchonga mpini.

Kornelio akaja. "Shikamoo mzee. Naomba mtoto mmoja. Tangu mlimani, mbwa wako wanajulikana hawana ugonjwa."

"Marahaba. Chukua wote," Wangwe alisema bila kuinua macho. "Baba yao yuko kwako."