Mianzi Minane ya Nambeye

Juzi mjukuu wangu alikuwa anakata mianzi ya kusimamishia maharage nyuma ya nyumba, na harufu ya mwanzi mbichi ikaingia hadi jikoni. Ni harufu ya baridi, inakaribia ile ya bua la mahindi ukilivunja asubuhi. Wengine huipenda. Mimi hunitia aibu, na kwa kuwa sasa ni mzee na sina wa kumwogopa, wacha niwaambie kwa nini.

Nilikuwa darasa la nne, enzi za Waingereza, katika shule ndogo ya udongo upande wa Ruanda, ile ya kwetu Mbozi. Wasichana tulikuwa wawili tu, mimi na Nambeye, binti wa Mnamwanga mmoja aliyehamia kwetu kulima kahawa. Tulikaa dawati moja, lakini hatukufanana kwa lolote. Mimi nilikuwa wa kwanza katika hesabu, na nilihakikisha kila mtu anajua. Yeye alikuwa wa mwisho. Hesabu za sehemu ndizo zilizomshinda kabisa. Mwalimu alimwuliza ipi kubwa, nusu au theluthi, akajibu theluthi, kwa sababu tatu ni kubwa kuliko mbili. Darasa zima liliangua kicheko, na aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni mimi.

Baba yake alikuwa amekwisha sema: hesabu zikimshinda kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka, hakuna cha kurudia darasa, atabaki nyumbani kwenye kahawa. Nambeye alinieleza hayo tukitoka kisimani, ndoo kichwani, machozi yanamtiririka na hawezi kuyafuta.

"Nisaidie zile sehemu, dada," akaniomba.

Nikamwambia nitamsaidia baada ya sikukuu ya mavuno.

Sikukuu hiyo ilikuwa karibu. Wenzetu wa Mbozi Mission walikuwa na tarumbeta zao kanisani. Sisi hatukuwa na kitu. Mwalimu wetu, ambaye ndiye pia aliyeongoza kwaya, akaamua tupulize mianzi. Watoto wanane, kila mmoja na mwanzi wake, na kila mwanzi sauti yake, kuanzia do ya chini hadi do ya juu. Mwanzi ulikatwa ukaachiwa fundo chini, ukapulizwa juu mdomoni kama mtu anavyopuliza chupa. Miwili alikata mwenyewe: do ya chini inchi kumi na mbili, sawasawa na rula, na do ya juu inchi sita. Sita ya katikati akaniachia mimi, pamoja na rula pekee ya shule. Nilipita nayo kijijini nimeishika juu, ili ionekane.

Nikapiga hesabu. Kutoka kumi na mbili hadi sita ni inchi sita, hatua ni saba, basi kila hatua ni sehemu sita za saba za inchi. Jamani, hesabu nzuri ile! Nikagawa, nikachora, nikakata. Kwa macho ilipendeza, imepangana kama ngazi. Ijumaa tukaipuliza mbele ya Mwalimu. Lo! Sauti za chini zilisongamana hata hukujua ipi ni ipi, za juu zikaachana mno, na wimbo wa mavuno ukawa kilio cha mbuzi. Mwalimu aliitazama mianzi, akanitazama mimi.

"Sikukuu ni keshokutwa," akasema, akatoka.

Alasiri ile Nambeye alikuja kwetu. Mama alikuwa anageuza kahawa kwenye vichanja. Nambeye aliomba mianzi iliyobaki na kisu, akakaa chini. Alikuwa akiimba kidogo, anapuliza, anakata kipande chembamba kama ukucha, anapuliza tena.

"Huu bado una usingizi," alisema. Akakata tena. "Haya, sasa umeamka."

Mimi nilikaa pembeni na rula yangu, sina kazi. Alipomaliza nikaingiza kijiti ndani ya kila mwanzi nikapima, na kusema kweli nilitaka kuona alivyokosea. Fa ilikuwa inchi tisa. So ilikuwa inchi nane. Nikarudia kupima. Tisa ni robo tatu ya kumi na mbili, na nane ni theluthi mbili. Huyu huyu asiyejua nusu na theluthi! Sikumwambia kitu.

Jumamosi tulipopuliza, Mwalimu alifumba macho hadi mwisho wa wimbo.

"Nani kapiga hesabu hii?" akauliza.

Kabla Nambeye hajafumbua kinywa, nikasema, "Fa ni robo tatu ya do, Mwalimu, na so ni theluthi mbili."

Kila neno lilikuwa kweli. Mwalimu akapiga makofi, akasema huyu mtoto atafika mbali. Nambeye alinitazama kidogo, kisha akatazama chini. Nadhani alidhani nimetaja mambo ya vitabuni yasiyomhusu.

Sikukuu ilifana. Zile sehemu sikumfundisha. Kila wiki nilikuwa na sababu. Kwenye mtihani zilimshinda. Asubuhi niliyoondoka kwenda shule ya kati nilimwona anapalilia kahawa, akanipungia mkono na jembe begani.

Nikawa mwalimu wa hesabu. Miaka mingi nilijiambia kwamba yeye alipewa masikio na mimi akili. Mpaka siku moja, nikivunja chaki vipande mbele ya watoto wasioelewa sehemu, nikaelewa mimi: yale masikio yalikuwa yanapiga hesabu. Alichokosa ni majina tu. Nilishindwa kuendelea na kipindi.

Nilimkuta sokoni Vwawa, sote tumezeeka, anauza maharage. Nikamweleza yote. Alisikiliza huku anachagua mawe kwenye maharage.

"Kwa hiyo ile fa ndiyo robo tatu?"

"Ndiyo."

"Na so ndiyo theluthi mbili." Midomo yake ikacheza kana kwamba anapuliza. "Basi theluthi moja ingelia juu kuliko nusu. Maana ni fupi."

"Ndiyo, Nambeye. Ni ndogo."

Akacheka, kicheko chake kile kile cha tangu shuleni. Kisha kikakatika.

"Na rula ulikuwa nayo wewe," akasema, akachukua kopo kunipimia maharage.