Betri ya Wageni

Mimi ndiye niliyekuwa mwanamke wa kwanza Ruring'u, hapa Nyeri, kupanda mlima kwa baiskeli bila kukanyaga pedali, na anayebisha aje tubishane. Miaka ya tisini hiyo. Siku hizi vijana wananieleza faida na hasara za baiskeli za umeme kana kwamba zilianza na wao, nami nawaacha wamalize, maana adabu ninayo. Kisha nawauliza kama baiskeli zao zimewahi kumwacha bibi harusi ndani ya nyumba na shimizi tu. Hapo wanavuta viti, nami naanza.

Kaka yangu alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja Nanyuki. Mzungu mmoja mzee aliyekaa hapo miezi mingi alikuwa na baiskeli aliyoitia mota kwa mikono yake mwenyewe: kigurudumu kidogo cha chuma kilichosugua tairi ya nyuma, na betri juu ya keria. Alipokuwa akirudi kwao akamwachia kaka, na betri ikiwa imekufa kitambo. Kaka akafunga betri ya gari, akaijaribu mara moja, akaingia nayo kwenye fensi ya michongoma, akaniletea mimi.

"Chukua wewe," akasema akijipapasa mikwaruzo. "Wewe ndio hauogopi aibu."

Alisema kweli. Nilikuwa fundi wa nguo, nina cherehani moja na chumba kimoja mbele cha kazi na kingine nyuma cha kulala, na wateja wangu walikaa kila kilima unachokijua wewe. Siku ya kwanza nilibonyeza swichi chini ya mlima nikasikia kile kigurudumu kikinguruma nyuma yangu, na jamani, nikaanza kupanda. Miguu imetulia, sketi imejaa upepo, mimi nacheka peke yangu mlima mzima. Wanawake mferejini waliacha mitungi ikifurika. Mzee mmoja aliyebeba nyasi za ng'ombe alisimama kando akavua kofia, sijui kwa heshima ama kwa kuniombea. Nilifika juu nikageuka nikashuka ili nipande tena.

Hasara sikufichi. Ilikuwa nzito, na betri ikiisha unasukuma ng'ombe. Tairi ikilowa, kile kigurudumu kinateleza tu. Maji ya betri yalinitoboa sketi mbili, kwa hiyo nguo za wateja sikuziweka kwenye keria. Nilizibeba mgongoni kwa leso kama mtoto. Tena kwangu hapakuwa na stima. Betri niliipeleka kituo cha mafuta kuchajiwa, ikilala huko usiku kucha.

Lakini hasara kubwa ni kwamba betri hiyo hiyo ndiyo ilikuwa ya TV. Nani wakati huo alikuwa na betri mbili? TV ndogo, nyeusi na nyeupe, eriali juu ya mti. Ukitaka kwenda, unafungua nyaya unafunga kwenye baiskeli. Ukitaka kutazama, unarudisha.

Sasa, Ijumaa moja bibi harusi alikuja kujaribu gauni lake. Alikuwa mwalimu wa nasari kutoka upande wa Tetu, msichana mpole, na alikuja na shangazi zake watatu ambao hawakuwa wapole. Gauni lilikuwa la kwanza la harusi kushonwa na mikono yangu. Lilimkaa vizuri kila mahali isipokuwa kiunoni, maana wasiwasi ulikuwa umemkondesha.

"Nitalipunguza leo," nikasema. "Kesho saa mbili asubuhi nitalileta mwenyewe."

"Utakuja na nini?" akauliza shangazi mkubwa. "Gari ya kwanza huko inakuwa imejaa kabichi na kuku."

Nikamwonyesha baiskeli. Akaizunguka, akabonyeza tairi kwa kidole, akaridhika. Wakakaa kungoja pikapu ya kuwarudisha, nami nikapika chai, na nikiwa na wageni na chai, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye nyaya za TV. Sinema ilikuwa ya mwanamke ambaye mumewe amepotea vitani. Pikapu ilikuja ikapiga honi. "Ngoja kidogo," akasema shangazi, "tuone kama atarudi." Dereva akaingia kuwaita, akakaa pia.

Ningesema nini? Kwetu mgeni haambiwi aende, na kumzimia TV ni kama kumnyang'anya kikombe mdomoni. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Nilikaa pale nikitabasamu huku nikiiona picha ikipungua pembeni, ikawa ndogo kama dirisha la choo, ikawa kama stempu, ikawa nukta, ikazima. Mume hakuwa amerudi. Wageni wakasikitika sana, wakaaga wakaenda zao.

Kituo cha mafuta kilikuwa kimeshafungwa, basi nikafanya kile kila mtu alichofanya na mawe ya redio, zile betri ndogo: kuyapasha joto yapate nguvu. Wengine waliyaanika juani, lakini Julai ya Nyeri haina jua, kwa hiyo mimi niliiweka betri kando ya jiko, nikashona kiuno na kupachika vifungo ishirini na vinne vya mgongoni, nikiigusa betri kila mara nikisema moyoni, inapona hii.

Asubuhi baiskeli iliwaka. Nilishuka hadi darajani nikiimba, gauni mgongoni ndani ya shuka safi na leso juu yake. Kilima cha kwanza nilikipanda kama malkia. Cha pili, katikati yake, mngurumo ukawa mguno, mguno ukawa kimya. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nikashuka nikasukuma. Saa mbili ikapita nikisukuma, saa tatu ikakaribia nikisukuma, na matope yananivuta viatu.

Ndipo nikasikia nyimbo nyuma yangu, na nikajua kabla sijageuka: watu wa bwana harusi, wanaenda kumchukua bibi harusi kwao. Wakimkuta bila gauni, basi hadithi hiyo itaingia naye kwa mume, itapikwa kila sikukuu, na mama mkwe ataitoa kila chumvi ikizidi. Siku yake nzima ilikuwa mgongoni mwangu, na hao waliokuja kumchukua hawakutakiwa kuiona.

Pikapu ya mbele ikasimama, maana nilikuwa nimeziba njia. Vijana wa suti wakaruka chini.

"Pole mama," mmoja akasema kwa sauti ya chini. "Mtoto amelala?"

Nilifungua mdomo niseme kweli, nikajisikia nikijibu, "Amelala."

"Ni msichana ama kijana?"

"Msichana," nikasema, maana gauni ni gauni.

Wakaambiana wasipige kelele. Wanaume watano wakaishika ile baiskeli wakaanza kuisukuma kwa kunong'ona, na mmoja wao alikuwa na ua kifuani na viatu vinavyong'aa. Nilimtazama vizuri. Alikuwa bwana harusi mwenyewe, anasukuma matopeni ili gauni la mke wake lisiamke. Niliuma leso nisicheke. Kwenye kiti cha mbele cha pikapu alikaa mwanamke mwenye kitambaa cha buluu kichwani, hacheki wala hasemi, ananitazama mgongo tu.

Juu ya kilima nikawashukuru nikasema mimi naishia hapo. Walipopotelea kwenye kona niliitupa baiskeli katikati ya majani chai, nikakimbia kwa njia ya nyuma. Kwa bahati mila zetu zina huruma. Watu wa bwana harusi wakifika hukuta geti limefungwa, na hawafunguliwi mpaka waimbe, wajibiwe, waimbe tena, mpaka wa ndani waridhike. Nilisikia shangazi watatu wakijibu kutoka ndani, na siku hiyo hawakuridhika na chochote. Wimbo huu mfupi. Huu wa mazishi. Huyo wa nyuma haimbi, anatafuna.

Niliingia kwa mlango wa jikoni. Bibi harusi alikuwa ameketi kitandani, nywele tayari, viatu tayari, katikati shimizi, na machozi yamechora njia mbili kwenye poda. Sikusema pole. Nilimvisha nikaanza vifungo kutoka chini, vidole vyangu vya baridi vikiteleza. Nje wimbo ulifika mwisho, kukawa kimya, nikajua geti linafunguliwa. Halafu wimbo ule ule ukaanza tena kutoka mwanzo.

"Hawa watu hawachoki?" shangazi mmoja akauliza akiingia, sauti imemkauka. "Mimi sina cha kuwajibu tena."

Nilikuwa kifungo cha kumi na tisa bibi harusi aliposema, taratibu, "Fundi. Yule mume, unadhani alirudi?"

Nikaanza kucheka. Naye akaanza, mgongo wake ukatetemeka, vifungo vikanikimbia, shangazi akatupiga wote wawili kofi la begani kisha akacheka mwenyewe mpaka akakaa. Nje waliimba ule wimbo tena. Nilifunga kifungo cha mwisho nikakata uzi kwa meno.

Alipotoka, vigelegele vilipanda mpaka mbwa wakajificha. Nilisimama kando ya geti nikiwa na matope hadi magotini, na furaha niliyokuwa nayo sijui niipime na nini. Kisha mkono ukanishika kiwiko. Alikuwa yule mwanamke wa kitambaa cha buluu, mama wa bwana harusi.

"Mtoto wako ameamka?" akauliza.

Nikavuta leso tupu mabegani.

"Mimi nimebeba watoto saba na huu mgongo," akasema. "Mtoto ako na miguu. Huyo wako alikuwa na lesi, ilitokea hapa chini."

"Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Wa ndani waliishiwa na sauti, wanawake wangu wakasema geti isukumwe. Nikawaambia huo wimbo haujaiva, turudie." Alimtazama bibi harusi akipita. "Tulirudia mara nne. Sikutaka msichana wangu atoke na haraka."

Alisema msichana wangu, na hata kanisani hawakuwa wamefika. Hapo ndipo nililia, mimi niliyekuwa nimecheka njia yote. Nikamweleza habari ya sinema na jiko, kila kitu, naye akashika nguzo ya geti akicheka bila sauti, kitambaa kikimteleza.

"Basi tafuta betri ingine," akasema akijipangusa macho. "Moja ya baiskeli, moja ya wageni."

Nilinunua kabla ya Krismasi. Wageni wa kwanza kuitumia walikuwa yeye na mkaza mwana wake, waliokuja kupimwa nguo zilizofanana. Walikaa kiti kimoja wakatazama mpaka mwisho, na chai ikawapoa mikononi.