Chemba Iliyopimwa Nikiwa Pito

Bomba langu la kwanza lilipimwa nikiwa nyumbani Pito, napukuchua mahindi kando ya mama.

Ninafanya kazi ughaibuni, kwenye maabara yenye mashine ya kukimbiza chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Chembe hizo hupita ndani ya bomba la chuma, sisi tunaliita chemba, lililopenyezwa katikati ya sumaku kubwa. Lazima litolewe hewa yote, la sivyo chembe hugongana na hewa na kupotea njia. Mimi ndiye ninayelisanifu. Nafasi kati ya sumaku ni finyu, hivyo ukuta wa chemba unatakiwa uwe mwembamba. Ukizidi wembamba, hewa ya nje inaiponda. Wenzangu walitaka ukuta mnene, mimi nikang'ang'ania mwembamba, na mkuu wetu akakubali. Chemba ilipokuwa inamaliziwa, dada akanipigia kwamba mama ameteleza na kuvunjika mkono. Nikaomba likizo.

Siku ya kipimo, mama aliona ninavyoitazama simu.

"Unasubiri nini?" akaniuliza kwa Kifipa.

Nikachukua chupa tupu ya maji, nikafyonza hewa mpaka ikajikunja. "Chemba yangu haitakiwi kufanya hivi."

"Na ikifanya?"

"Kazi ya mwaka mzima imeharibika, na niliyebisha ni mimi."

"Basi pukuchua. Simu italia yenyewe."

Ikalia. Alikuwa fundi mwenzangu wa maabara. "Ukuta umesimama vizuri," akasema, "ila hewa haiishi. Kuna mahali panavuja."

Nikaacha kupukuchua. Chuma chembamba ni kigumu kuchomelea, na kitundu kisichoonekana kinatosha kuharibu kila kitu. Akaniambia watapuliza gesi ya heli kwa nje, sehemu kwa sehemu, na kifaa kitawaonyesha inapoingilia.

Mama akaniona nazunguka uani bila kazi, akanituma mashineni kusaga. Kule kelele zilikuwa nyingi, sikusikia simu. Nilipotoka na unga nikakuta yule fundi amenipigia mara kadhaa. Nikampigia.

"Tumepata," akasema. "Ni gasketi ya kuzibia maungio ya kipimo chetu wenyewe, ilikuwa na mkwaruzo. Tumeibadilisha, na hewa imeshuka mpaka pale ulipotaka. Chemba yako ni nzima."

Nikakaa juu ya kiroba cha unga pale pale nje.

Mwendesha mashine akanifuata. "Dada, kuna msiba?"

"Hapana, kaka. Ni habari njema."

"Mbona unalia sasa?"

Sikuwa nimejua kwamba nalia. Nikafuta uso kwa khanga, nikaacha vumbi la unga shavuni, naye akanisaidia kujitwisha kiroba.

Nilipomweleza mama, aliniuliza jambo moja tu, kama wale waliotaka ukuta mnene wamekasirika. Nikasema hapana, mmoja wao ndiye aliyeigundua ile gasketi. "Ashukuriwe Mungu," akasema, akaniambia nibandike maji ya ugali. Jioni ile nilikula mpaka dada akanisogezea na sahani yake.